Mbwa, paka na kuku katika nyumba ya kupanga: je, mwenye nyumba alazimishwe kukubali?

Katika miji ya mashariki ya Kongo, mutu mwenye anatafuta nyumba ya kupanga anajua maswali yenye yanamungojea: muko watu wangapi, unafanya kazi gani, uko na garanti ya miezi ngapi. Mara nyingi kunafuata swali lingine: muko na mbwa? Munafuga kuku? Jibu likiwa ndiyo, mazungumzo yanaweza kuishia palepale mulangoni.

Familia zingine zinaficha. Vitanda na masufuria vinafika mchana, mbwa anafika usiku. Zingine zinauza mbuzi kwa bei ya chini ama zinaachia jirani mbwa wao. Zingine zinaendelea kutafuta nyumba huku siku za preavis zikiisha.

Ndiyo maana swali hili linarudi mara kwa mara: je, sheria ingepashwa kulazimisha wenye nyumba wakubali wanyama wa wapangaji, ama mwenye nyumba abaki na haki ya kukataa? Makala hii inaeleza sheria ya Kongo inasema nini, kila upande uko na sababu gani, afya ya watu inaombaje, na namna ya kupatana kabla ya kuingia katika nyumba.

Tunazungumzia wanyama gani?

Huko Ulaya, mabishano haya yanahusu hasa mbwa na paka wenye wanaishi ndani ya nyumba kama watoto wa familia. Huku kwetu iko tofauti. Wanyama wa mupangaji wanagawanyika katika makundi matatu.

Kundi la kwanza ni walinzi. Mbwa anafugwa kwa sababu ya wezi. Katika vikartye vyenye umeme unakatika na watu wanavunjiwa milango usiku, mbwa mwenye anabweka ni kengele ya maskini. Askari wa kulinda anaomba mushahara kila mwezi, mbwa anaomba mabaki ya fufu.

Kundi la pili ni wawindaji wa panya. Nyumba za mbao ni nyingi Goma, Bukavu na kwingine, na panya wanapita katikati ya mbao wanavyotaka. Wanakula unga, wanatoboa magunia, wanakata nguo na vitabu vya watoto. Paka mumoja anaweza kuokoa akiba ya mwezi muzima.

Kundi la tatu ni wanyama wa chakula na makuta: kuku, bata, sungura, dende, mbuzi, wakati mwingine nguruwe. Dende, wenye wengine wanaita kobayi, wanajulikana sana Kivu ya Kusini. Wanakula majani na maganda ya ndizi, wanakaa kwenye kona ya jikoni, na mimba yao inachukua karibu miezi 2 tu. Katika familia nyingi, wamama na watoto ndio wanawachunga. Watu wakikimbia vita, dende wanaingia ndani ya kikapo, lakini ng'ombe anabaki nyuma. Mama mwenye anakatazwa kufuga dende anapoteza nyama ya siku ya sikukuu, na mara nyingi anapoteza pia makuta ya madaftari.

Kwa hiyo neno "mnyama" peke yake halitoshi. Kukataa mbuzi sita katika parseli ndogo ni jambo moja. Kukataa paka mumoja mwenye anakamata panya ni jambo lingine kabisa.

Parseli moja, milango mingi

Ili kuelewa ugomvi, inafaa kuangalia namna watu wanaishi. Wapangaji wengi hawana nyumba yenye inasimama peke yake. Wanapanga mulango mumoja ama miwili ndani ya parseli yenye iko na milango mingine minne, sita ama zaidi. Choo ni kimoja, robine ni moja, uwanja ni mumoja, faktire ya maji na ya umeme inagawanywa. Mara nyingi mwenye nyumba naye anaishi mulemule.

Katika hali hiyo, mnyama wa mulango mumoja anakuwa mnyama wa parseli yote. Kuku wa mama mumoja anakunya mbele ya mulango wa mwingine. Mbwa wa kijana mumoja anatisha watoto wa majirani wakienda choo usiku. Mbuzi anakula mboga zenye mwenye nyumba amepanda kando ya kuta. Bukavu, yenye imejengwa kwenye miteremko, maji machafu ya parseli ya juu yanashuka kwa jirani wa chini. Goma, sehemu kubwa ya mji iko juu ya mawe ya volkano, na kuchimba shimo la kutupa uchafu ni kazi nguvu.

Watu nao ni wengi, nyumba ni chache. Vita vya miaka mingi vimesukuma familia za vijiji kuja mujini. Mlipuko wa Nyiragongo wa tarehe 22 mwezi wa 5, 2021, uliharibu maelfu ya nyumba upande wa Nyiragongo na kaskazini ya Goma. Mwenye nyumba akijua kama watu watano wanangojea mulango mumoja, ni rahisi kwake kuchagua ule mwenye hana mnyama. Na familia yenye imetoka kijijini ndiyo mara nyingi inafika na kuku wake chini ya mukono.

Sheria ya Kongo inasema nini?

Sheria kubwa ya nyumba za kupanga za kuishi ni sheria nambari 15/025 ya tarehe 31 mwezi wa 12, 2015. Inazungumzia mkataba, garanti, preavis, kazi za mwenye nyumba na kazi za mupangaji. Hailazimishi mwenye nyumba akubali mnyama. Haikatazi mupangaji kufuga pia. Jambo lenyewe linaachwa kwa mapatano ya watu wawili.

Hapo ndipo sheria ingine inaingia: Kitabu cha 3 cha Kode Sivile, chenye asili yake ni dekre ya tarehe 30 mwezi wa 7, 1888. Kifungu cha 33 kinasema kama mapatano yenye yamefanywa kufuatana na sheria yanakuwa sheria kwa wale wenye wameyafanya. Maana yake ni wazi: mkataba ukiandika "hakuna mbwa" na ukaweka sinyatire, umefungwa nao. Mkataba ukiandika "mbwa mumoja anakubaliwa", mwenye nyumba naye amefungwa.

Kifungu cha 261 cha kitabu hicho kinahusu wanyama wenyewe. Mwenye mnyama, ama mwenye anamutumia, ndiye anajibu juu ya hasara yenye mnyama ameleta, hata kama mnyama alikuwa amepotea ama ametoroka. Mbwa akiuma mutoto wa jirani, kusema "alikata kamba" hakumutoshi mutu katika deni. Hii inajibu woga mumoja mukubwa wa wenye nyumba: kwa kawaida, ni mwenye mbwa ndiye anaitwa kulipa, hata kama parseli si yake.

Kuhusu garanti, sheria ya 2015 inaweka mupaka: kwa nyumba ya kuishi, garanti haipashwi kupita miezi 3. Mazoea ya miji yetu yanajulikana, wengi wanaomba zaidi. Lakini mupangaji mwenye anaambiwa aongeze "garanti ya mbwa" juu ya miezi 3 anaweza kukumbusha mupaka huo. Garanti hiyohiyo ndiyo inatumika kutengeneza mulango wenye mbwa amekwangua ama ukuta wenye mbuzi amevunja.

Na preavis? Mwenye nyumba akitaka mupangaji atoke, na mkataba hauna muda maalumu, preavis ya nyumba ya kuishi ni miezi 3. Kutupa vitu vya mutu inje juu ya kuku si njia ya sheria.

Sababu za mupangaji

Wale wenye wanaomba sheria ilazimishe wenye nyumba wako na sababu nne.

Ya kwanza: nyumba ambayo mutu analipa kila mwezi ni makao yake. Akilipa vizuri na asiharibu kitu, kwa nini mwingine amuchagulie namna ya kuishi ndani?

Ya pili ni usalama. Mupangaji ndiye analala kwenye mulango wenye unavunjika. Mwenye nyumba mwenye anaishi kartye ingine hasikii kelele za usiku.

Ya tatu ni chakula na makuta. Kwa familia yenye haina mushahara wa kila mwezi, wanyama wadogo ni banki. Mwezi wa kwanza 2025, banki za Goma zilifunga milango. Wenye akiba yao ilikuwa ndani walijua maana ya kukosa kitu cha kuuza asubuhi. Kuku anauzwa siku yoyote.

Ya nne inahusu wanyama wenyewe na kartye yote. Mbwa mwenye familia imeacha wakati wa kuhama hapotei hewani. Anakuwa mbwa wa barabara, hana chanjo, anakula kwenye pubeli, anazaa. Kila "hapana" ya mulangoni inaweza kuongeza mbwa mumoja wa barabarani.

Sababu za mwenye nyumba

Upande mwingine nao si wa kudharau. Wenye nyumba wengi si matajiri. Ni mujane mwenye anaishi kwa milango miwili, ni mwalimu wa zamani mwenye pensheni haifiki. Pa zulia la mbao lenye mkojo wa mbuzi umeingia, harufu haitoki kwa kusukula tu, inapashwa kubadilisha mbao. Garanti ya miezi 3 inaweza kuisha hapo.

Kisha kuna wapangaji wengine. Mwenye nyumba akikubali mbwa wa mumoja, anaweza kupoteza wawili wenye wanaogopa. Katika sehemu zenye Waislamu wengi, kama Kindu na Kasongo kule Maniema, familia nyingi hazitaki mbwa apite penye wanasalia ama aguse vyombo, kwa sababu mate ya mbwa yanahesabiwa kuwa najisi. Ombi lao nalo ni la haki.

Kuna pia maji. Penye robine inatoka mara chache kwa juma, kuosha kibanda cha nguruwe kunatumia madumu yenye wengine wangepikia. Faktire inagawanywa kwa milango, haigawanywi kwa wanyama.

Na kuna jambo la uaminifu. Wenye nyumba wengi wenye wanakataa wote leo walikubali mumoja zamani: waliambiwa kuku wawili, kisha mwaka ukaisha wakiwa thelathini.

Afya: jambo lenye halina mabishano

Sheria ilazimishe ama isilazimishe, kuna hatari moja yenye inahusu kila mutu katika parseli: kichaa cha mbwa, yenye wengi wanaita raji. Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, linahesabu karibu watu 59 000 wenye wanakufa kila mwaka duniani juu ya ugonjwa huu, wengi wao Afrika na Asia. Karibu 4 kati ya 10 ni watoto chini ya miaka 15. Kwa watu, hadi 99 kwa 100 ya ambukizo linatoka kwa mbwa. Dalili zikisha kuanza, mutu karibu kila mara anakufa.

Lakini ugonjwa huu unazuiliwa. Mbwa anachanjwa kuanzia miezi 3, kisha chanjo inarudiliwa kufuatana na ushauri wa veterineri. Wataalamu wanasema kama 70 kwa 100 ya mbwa wa sehemu moja wakichanjwa, ugonjwa unakosa njia ya kupita. Maelezo juu ya chanjo yanaulizwa kwa veterineri ama kwenye ofisi za kilimo na mifugo, IPAPEL.

Mutu akiumwa na mbwa, hata kidonda kikiwa kidogo:
- Osha kidonda palepale na maji mengi na sabuni, dakika 15 nzima. Usiweke majivu, pilipili ama dawa ya kienyeji.
- Enda kituo cha afya siku ileile, usingojee dalili. Sindano za kuzuia zinafaa zikianza mapema.
- Musiue mbwa haraka. Kama inawezekana bila hatari, afungwe na aangaliwe siku 10, na veterineri aambiwe.

Paka naye anaweza kupata raji, kwa hiyo chanjo inamuhusu pia. Ituri kuna onyo lingine. Jimbo hilo ni moja ya sehemu za dunia zenye tauni bado inajulikana, na tauni inapita kwa viroboto vya panya. Paka anasaidia kupunguza panya, lakini akila panya mwenye ugonjwa anaweza kuambukizwa na kuambukiza watu. Mukiona panya wengi wanakufa bila sababu, musiwashike na mikono, mujulishe kituo cha afya.

Kwa kuku, ugonjwa wa Newcastle unaweza kumaliza kibanda kizima kwa siku chache, na kutoka mulango mumoja unapita kwa mwingine. Nao uko na chanjo.

Nchi zingine zimefanya nini?

Nchi zenye zimelazimisha wenye nyumba hazikuacha mulango wazi kabisa. Ufaransa, sheria ya tarehe 9 mwezi wa 7, 1970, kifungu cha 10, inasema kama neno la mkataba lenye linakataza mnyama wa nyumbani halina nguvu. Lakini ni kwa sharti: mnyama asiharibu nyumba na asisumbue wengine. Na mbwa wa shambulio wanaweza kukatazwa.

Jimbo la Ontario, Kanada, sheria ya wapangaji ya 2006 inafuata njia hiyohiyo: kukataza wanyama katika mkataba ni bure, ila mnyama mwenye anasumbua ama ni hatari anaweza kuleta mupangaji mbele ya waamuzi. Uingereza, sheria ya wapangaji ya 2025 inampa mupangaji haki ya kuomba, na mwenye nyumba hawezi kukataa bila sababu yenye msingi.

Tofauti na hapa ni kubwa. Sheria hizo ziliandikwa kwa kufikiria mbwa ama paka ndani ya apartema yenye iko na choo chake na maji yake. Hazikufikiria mbuzi watatu kwenye uwanja wa milango sita. Kuzihamisha kama zilivyo kungeleta ugomvi mupya. Lakini ziko na wazo moja lenye linaweza kufaa hapa: badala ya kuuliza "mnyama ama hapana", zinauliza "mnyama huyu anasumbua nani, na anaharibu nini".

Kupatana mbele ya kuingia

Kwa kuwa sheria ya Kongo inaachia watu wapatane, nguvu yote iko katika mkataba. Mapatano ya mudomo ni rahisi kufanya na ni magumu kuonyesha. Mambo haya yanafaa kuandikwa:
- Aina ya wanyama na hesabu yao. "Kuku 5, bila jogoo" ni wazi kuliko "kuku kidogo".
- Mahali pa kibanda, na nani anafagia, siku gani.
- Kwa mbwa: anafungwa saa ngapi, anafunguliwa saa ngapi, na karte ya chanjo inaonyeshwa kila mwaka.
- Wadogo wakizaliwa, wanatoka parseli baada ya muda gani.
- Maji ya kuosha kibanda yanalipwaje.
- Hasara inalipwaje, na hali ya kuta, milango na zulia siku ya kuingia. Picha za telefone zinasaidia pande zote mbili.

Namna ya kuomba nayo iko na uzito. Mupangaji mwenye anaficha mbwa anaanza na deni la uaminifu. Kusema wazi mapema kunafaa zaidi: "Mama, niko na mbwa mumoja, karte yake ya chanjo ni hii, mchana anabaki kwenye kamba. Ukikubali, tuandike." Mwenye nyumba naye anaweza kujibu kwa kujaribu: miezi 3 kwanza, majirani wa parseli waulizwe, kisha tuone.

Mukigombana

Njia ya kwanza ni kukaa chini pamoja na majirani wenye wanaguswa, mbele ya nyumbakumi ama shefu wa avenue. Ugomvi mwingi wa kuku unaishia hapo. Ikikataa, kuna ofisi ya Habitat, yenye kazi yake ni pamoja na kusikiliza wenye nyumba na wapangaji na kujaribu kuwapatanisha. Tribinali inakuja kisha. Mutu mwenye anaenda abebe mkataba, risiti za malipo, karte ya chanjo na picha.

Kuna vitu vyenye havikubaliwi kwa upande wowote: kuwekea mnyama sumu, kufunga robine ya mupangaji, kutosha mabati juu ya kichwa chake ili atoke, ama kugoma kulipa nyumba juu mbwa amekatazwa. Sumu ni mbaya zaidi, kwa sababu nyama yenye imewekwa kwa mbwa inaweza kuokotwa na mutoto.

Je, sheria ilazimishe?

Kulazimisha kila mwenye nyumba akubali kila mnyama hakungeweza kusimama katika parseli za leo. Choo ni kimoja, maji ni machache, na majirani nao wako na haki ya kulala na ya kusali. Lakini kumuachia mwenye nyumba akatae wote bila sababu kuko na bei pia, na bei hiyo hailipwi na yeye. Inalipwa na familia yenye inauza dende zake mbele ya masomo kuanza, na kartye yenye inapokea mbwa mwingine bila chanjo.

Katikati kuna njia yenye wabunge wa majimbo na wa taifa wangeweza kuchunguza siku wakirudilia sheria ya 2015: mwenye nyumba aseme sababu ya kukataa, mnyama mudogo mwenye hasumbui asitoshe kufukuzisha familia, na mbwa bila chanjo asiwe na haki katika parseli yoyote. Kungojea siku hiyo, karatasi moja yenye sinyatire mbili inaweza kufanya kazi hiyo leo, na karte ya chanjo ikiwa kando yake.